Kona ya Kompyuta: Vichochoro Vimo, Ila Vimefichwa

 

Likizo imekaribia, na baadhi yetu tutakwenda Unguja kuwaona bibi na babu. Basi mara hii tuweke GraphHopper, programu huria ya kutafuta njia. Ikiwa ndani ya laptopu yako, hesabu ya njia inafanyika humo humo. Hesabu yenyewe haifanyiki kwenye seva ya kampuni yoyote. Mimi natumia Windows. Kwa Mac na Linux hatua ni zile zile.

1. Weka Java. Matoleo ya karibuni ya GraphHopper yanataka Java 17 au zaidi.

2. Tengeneza folda moja, utie mafaili matatu: programu yenyewe (inaishia na .jar), config-example.yml, na ramani. Ramani inatoka OpenStreetMap, mradi ulioanza Uingereza mwaka 2004. Geofabrik wanaigawa nchi kwa nchi, bure. Pakua tanzania-latest.osm.pbf, Unguja na Pemba zimo. Ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo pakua kabla hujasafiri.

3. Fungua config-example.yml kwa Notepad, uandike jina la ramani mbele ya datareader.file.

4. Fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, uandike:

java -Xmx4g -jar graphhopper-web.jar server config-example.yml

Jina la .jar liandike kama lilivyo kwako, pamoja na namba ya toleo. Ile 4g inaipa Java gigabaiti 4 za kumbukumbu. Subiri, kisha fungua localhost:8989 kwenye kivinjari.

Sasa jaribu kutembea Mji Mkongwe. Utaona programu inakuzungusha kwenye barabara za magari, kana kwamba vichochoro havipo. Vimo kwenye ramani, lakini faili la mfano limeandikwa kwa ajili ya gari. Tafuta mstari import.osm.ignored_highways: unaamuru footway, path na steps ziachwe. Yafute maneno hayo matatu. Kwenye profiles ongeza foot, yenye foot.json. Ukiiwasha, programu itakutajia vigezo vya kuongeza kwenye graph.encoded_values. Futa folda ya graph-cache, uwashe tena. Sasa utapita kwa miguu kama wenyeji.

Jambo moja: njia inahesabiwa bila intaneti, lakini picha ya ramani iliyo nyuma yake bado inavutwa mtandaoni.

Na kichochoro kisichochorwa, hakuna programu itakayokipata. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwatia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa inayofurika maji. Sisi je? Ukifika, muulize bibi kichochoro chake kinaitwaje, kisha ukiandike OpenStreetMap. Yeye anakijua, ramani haijakijua.

Ukikwama, njoo na laptopu yako kwenye mkutano wa klabu. Safari njema!