Kindu: Mchezo wa anga wa 1984 bado unachezeka, kwa nini kompyuta za zamani zioze stoo?

KINDU, Maniema. Jioni, katika komini za Kasuku, Mikelenge na Alunguli, vijana hukusanyika penye vibanda vya kuchaji simu. Wengi wameinamia michezo. Mchezo wa siku hizi haukubali kukaa kimya. Asubuhi unaomba mega ili ujisasishe, mchana unaomba pesa ili silaha iongezwe nguvu, jioni unaleta tangazo la kubashiri mpira. Mama aliyeuza sombe kutwa nzima sokoni anajiuliza inite zake zimeishia wapi. Kwa familia iliyokimbia vita swali hilo ni zito zaidi, maana simu ile ndiyo njia pekee ya kumtafuta ndugu aliyebaki nyuma, Kabambare au Kivu.

Wakati huohuo, nyuma ya milango ya ofisi, shule na mashirika, kuna kompyuta zilizofunikwa vumbi. Zina miaka kumi, kumi na tano. Mkubwa wa ofisi akiulizwa anajibu kwamba zimekufa. Ukweli ni kwamba nyingi hazijafa. Zimeachwa tu, kwa sababu programu mpya zimekuwa nzito na mtu ameambiwa anunue nyingine.

Kuna ushahidi kwamba mashine ya zamani haifi hivyo, na unatoka mahali ambapo mzazi wa Kindu asingefikiria kutazama: katika michezo ya zamani ya mapigano ya angani. Kuna watu wazima, Ulaya na Marekani, wanaoicheza tena leo michezo waliyoicheza wakiwa watoto. Namna walivyoiokoa ni somo ambalo Maniema inalihitaji kuliko wao.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT, Marekani, Steve Russell na wenzake walitengeneza Spacewar!, merikebu mbili zikipigana kando ya nyota. Hawakuuza. Walipeana. Mwaka 1984, vijana wawili wa Uingereza, David Braben na Ian Bell, walitoa Elite. Mwaka 1990 ikaja Wing Commander, 1993 X-Wing, 1994 TIE Fighter, 1999 FreeSpace 2. Wakati wake, kila mmoja ulionekana kuwa mwisho wa ufundi. Kisha kompyuta zikabadilika, na yote ikakaribia kupotea.

Sababu za kupotea zinafundisha. Wing Commander ulipangwa kwenda kwa mwendo wa mashine ya wakati wake. Ukiuweka kwenye mashine yenye kasi kubwa, adui anapita kama mbu, mchezaji anakufa kabla hajashika usukani. Michezo mingine iliandikwa kwa mfumo wa DOS, na Windows ya leo haiielewi tena. Mingine ilikuwa kwenye disketi, na hakuna pa kuziingiza. Mingine ilimuuliza mchezaji neno lililoandikwa ndani ya kitabu chake cha maelezo. Kitabu kikipotea, mlango umefungwa.

Nani aliifungua milango hiyo? Kwa sehemu kubwa si makampuni. Ni watu wa kawaida, usiku baada ya kazi, bila mshahara. Tangu 2002 wanatoa bure programu inayoitwa DOSBox. Kazi yake ni kuiga kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya, na mtu anaweza kuipunguzia kasi mpaka mchezo uende mwendo wake. Mwaka huohuo, waliotengeneza FreeSpace 2 waliachia hadharani maandishi ya ndani ya mchezo wao, na wapenzi wake wanaendelea kuuboresha mpaka leo. Elite nao ulizaa mtoto: Oolite, mchezo wa bure wenye sheria zilezile. Makampuni yalikuja baadaye, yalipoona kwamba watu bado wanataka. X-Wing na TIE Fighter zilirudi kuuzwa mwaka 2014, zaidi ya miaka 20 tangu ule wa kwanza utoke.

Ndiyo kusema, kitu kilichotangazwa kuwa kimekufa kilifufuliwa na watu waliokataa kukitupa. Kindu inapaswa kulisikia hilo kwa masikio mawili.

Elite wenyewe ulikuwa mdogo ajabu. Kompyuta iliyouzaa, BBC Micro, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Picha moja ya simu yenye uzito wa mega 2 inazidi kumbukumbu hiyo mara 60. Hata hivyo, ndani yake mliingia galaksi 8, kila moja na dunia 256, jumla dunia 2,048. Watengenezaji hawakuziandika moja moja. Waliweka hesabu, na hesabu ikazizalisha dunia zote, zilezile kila mara mchezo unapowashwa. Mtoto anayesema hesabu haina faida akionyeshwa hilo, atanyamaza na kufikiri.

Lakini sababu kubwa ya kuutaja mchezo huu Maniema ni biashara yake. Mchezaji anaanza na merikebu moja na pesa 100. Anaweza kupigana, lakini hatajirishwi na risasi peke yake. Anaishi kwa kununua hapa na kuuza kule. Na bei zinafuata sheria moja: dunia ya wakulima inauza chakula kwa bei rahisi na inanunua kompyuta kwa bei ghali. Dunia ya viwanda inafanya kinyume chake. Penye serikali isiyo na nguvu, majambazi wamejaa njiani.

Ni mtoto gani wa Kindu atahitaji kuelezwa hayo mara mbili? Ameona mchele wa Maniema ukiondoka kwa bei ya mnunuzi. Ameona magunia ya kasiterite yakishuka kutoka Kalima na Punia. Ameona simu moja ikiuzwa kwa bei ambayo baba yake haipati kwa mwezi. Tofauti iliyopo ni moja. Ndani ya mchezo, merikebu ni ya mchezaji mwenyewe, na faida ya safari inabaki mkononi mwake. Huku, mwenye shamba na mwenye shimo hawana ndege wala lori. Kijana akifika hapo mwenyewe, mbele ya skrini, bila hotuba ya mwanasiasa, amejifunza uchumi wa jimbo lake.

Na asitokee mtu kusema kwamba kompyuta ni mambo ya wageni. Ndani ya kila kompyuta kuna bati, ndilo linalounganisha vipande juu ya ubao wake. Tangu mwezi wa 7 mwaka 2006, Ulaya ilipozuia madini ya risasi katika vifaa vingi vya umeme, lehemu inayotumika zaidi ni bati kwa zaidi ya asilimia 95. Kasiterite ya Maniema ndiyo bati hilo kabla ya kuyeyushwa. Mwaka Elite ulipotoka, 1984, kampuni ya SOMINKI ilikuwa bado inachimba Kalima. Mwezi wa 10 mwaka 1985 soko la bati likaanguka London, bei ikaporomoka, na wafanyakazi wa migodi wakabaki na kumbukumbu. Miaka 15 baadaye ikawa zamu ya koltani: mwaka 2000 bei ilipanda ghafla, watu mashariki ya Kongo wakaacha majembe, na 2001 bei ikaanguka tena. Hakuna anayeweza kuapa kwamba bati la mashine fulani lilitoka Kalima na si Malaysia au Bolivia. Ila hakuna pia anayeweza kumwambia mtoto wa Kalima kwamba mashine ile haimhusu. Jimbo lililotoa jasho kwa ajili ya kompyuta kuzinyima watoto wake hata zile zilizotupwa, hiyo ni aibu.

Kuna wanaopinga, na hoja zao zisikilizwe.

Wa kwanza ni wazee wanaosema: watoto hawa wamesikia bunduki za kweli, wamelala porini, wamevuka mito usiku. Leo wapewe mchezo wa vita? Hoja hii haina mzaha ndani yake. Mtoto anayeshtuka pikipiki ikipiga mlio hapaswi kuketishwa mbele ya milipuko, na mzazi wake akikataa, neno limekwisha. Lakini vijana wengi tayari wanacheza michezo ya vita kwenye simu, ile yenye askari, damu na vijiji vinavyoungua, bila mkubwa yeyote karibu. Mchezo kama Elite ni michoro ya mistari na nukta, chuma dhidi ya chuma. Katika Elite mchezaji anaweza kwenda safari nyingi akitafuta soko na kukwepa vita. Hata hivyo mzazi ajue kila kitu: katika soko la mchezo huo kuna bidhaa za haramu, zikiwemo bunduki, madawa ya kulevya na watumwa, na anayezibeba anaandikwa mhalifu na kufukuzwa na polisi. Katika jimbo la Nyangwe na Kasongo, neno mtumwa si la mchezo. Ndiyo maana chumba cha kompyuta kinahitaji mkubwa ndani yake, wa kusema na watoto juu ya jambo hilo.

Wa pili wanasema umeme hakuna. Kweli, haufiki kila mahali, na unapofika unakatika. Lakini kompyuta ya mkononi ya zamani hutumia takriban wati 30 hadi 60. Paneli za jua na betri zinazochaji makumi ya simu kila siku zinaweza kuwasha moja au mbili kwa saa chache. Intaneti haihitajiki kabisa. Oolite na DOSBox vinaingia kwenye fleshi moja, vinahama kutoka mashine hadi mashine, na vikishawekwa havidai mega wala inite tena.

Wa tatu wanasema watoto wasome, wasicheze. Vizuri. Nani atawafundisha kompyuta kwa kuchora kibodi ubaoni, kama inavyofanyika katika shule nyingi? Kijana anayetaka mchezo wa zamani uende, atalazimika kusafisha feni, kubadilisha diski, kuweka mfumo mwepesi wa bure kama Linux, kutafuta faili, kuandika amri, kusoma maelezo kwa lugha ngeni. Akimaliza, anajua kutengeneza kompyuta, na mji mzima unamtafuta fundi wa namna hiyo. Mchezo ulikuwa chambo, samaki ni ufundi.

Hatari ya kweli iko kwingine, na wachache wanaitaja: msaada kugeuka jalala. Mashine iliyovunjika kabisa, skrini yenye ufa, betri iliyovimba, hizo si zawadi. Ni takataka zenye sumu, na Kindu haina mahali salama pa kuzitupa. Anayetoa atoe kinachowaka, mbele ya fundi, na aandikiwe karatasi.

Basi yanayodaiwa ni machache. Mashirika yanapofunga miradi yasifungie kompyuta stoo wala kuzigawa kwa wakubwa. Yazikabidhi kwa shule na mitaa inayopokea familia zilizohama. Wenye shule na parokia wafungue stoo zao na kuhesabu mashine zilizomo. Kila chumba kiwe na mlezi, saa maalum, na zamu ya wasichana inayolindwa, maana bila ulinzi huo wavulana hukalia viti vyote. Kamari isiingie mlangoni. Na michezo iwe ile iliyotolewa bure na wenyewe, au iliyonunuliwa kihalali, ili mtoto asianze ufundi wake kwa kuiba.

Hakuna anayedai kwamba mchezo utazuia vita wala kumrudisha mtu shambani kwake. Familia iliyolala katika nyumba ya jamaa, watu kumi na wawili chumba kimoja, ina haja ya chakula, dawa na usalama kwanza. Lakini mtoto wa familia hiyo anaamka kila siku na saa nyingi tupu, na saa hizo zina wanunuzi: mwenye kamari, mwenye shimo, mwenye bunduki. Wote watatu wanamngoja nje. Stoo iliyofungwa inawasaidia wao.

Watu wa ng'ambo wamefanya kazi ya miaka mingi kufufua mchezo wa kilobaiti 32, kwa sababu tu waliupenda. Kindu ina watoto wa kupenda, ina mafundi wa simu wenye mikono myepesi, ina kompyuta zinazoota kutu gizani. Wenye funguo za stoo hizo wanajulikana mjini. Na waulizwe.