Gari Rahisi, Kodi Ghali

Wakulima wenzangu,

Kila msimu wa karafuu ukijibu vizuri, mazungumzo ya barazani huwa ni motokaa. Si jambo baya. Wengi wetu tuna ndugu na mashamba Bara, upande wa Korogwe na Handeni, na baina ya miji hiyo ni kilomita 65 hivi. Mwenye gari yake hupeleka mahindi sokoni bila ya kumsubiri mtu. Lakini nasema wazi: tunanunua kwa macho, na hesabu tunaifanya baadaye.

Mfano ni mimi mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma, mimi na shemeji yangu wa Korogwe tulitia fedha za vuli katika gari ndogo ya Kijapani, kuukuu lakini injini nzima. Usukani uko kulia kama kwetu, kwani Wajapani nao hupita kushoto. Tukaona mambo yamekwisha. Wakala mmoja akatwambia tuiandikishe huku kisiwani, ushuru ni nafuu, kisha tuivushe. Ilipofika Bara na namba yake ya Z, tukaambiwa kuwa ikitaka kukaa huko moja kwa moja lazima tulipe tofauti ya ushuru na kuiandikisha upya kwa namba ya T. Fedha hatuna. Gari ikalala chini ya mwembe wa shemeji mpaka msimu wa pili, na mahindi yake yakapanda gari ya watu kwa nauli ya watu.

Jambo hili halikuwa siri. Usajili wa vyombo vya moto umehesabiwa kwa miaka miongoni mwa kero za Muungano. Kosa letu ni kutouliza.

Basi tuhesabu. Bara, gari ndogo hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa hufuata injini: isiyofika sisi 1000 haitozwi, mpaka 2000 ni asilimia 5, kupita hapo 10. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Uzee nao una ushuru wake: iliyopita miaka 8 ni asilimia 15, iliyopita miaka 10 ni 30. Miaka huhesabiwa tangu gari ilipoundwa. Na thamani yake Mamlaka ya Mapato huikadiria kwa hesabu yake, hata risiti yako iwe ndogo vipi.

Kenya haipokei gari iliyopita miaka 8. Uganda, kwa sheria ya 2018, iliyopita 15. Sisi mlango tumeachiwa wazi, lakini mlangoni yuko mtoza.

Wako watakaosema kodi hii yamwumiza mkulima asiyeweza gari mpya. Ni kweli, na neno hilo tulipeleke mbele kwa sauti ya chama. Lakini mpaka sheria ibadilike, mlipaji ni wewe.

Rai yangu ni hii. Kabla ya kupeleka hata shilingi Japani, jua mwaka wa kuundwa gari na jumla ya kodi zake. Iandikishe pale itakapofanya kazi, si pale penye unafuu wa leo. Na hesabu ikikushinda, shirikianeni watu watatu mnunue moja iliyo changa. Gari moja inayotembea ni bora kuliko tatu zilizolala chini ya miembe.