NANI MWENYEJI KWENYE SHAMBA LA NG'OMBE?

Ndugu zetu wa migodi ya Kamituga na Misisi, na ninyi raia wa Uvira, tangu Kalundu mpaka Kiliba, sikieni jambo hili.

Wafanyabiashara wakubwa wana desturi yao. Chama chao huchagua siku, hupanda magari, huenda kutembelea shamba la ng'ombe la mmoja wao. Siku hiyo dume nono huchinjwa na bia hufunguliwa. Wageni huonyeshwa ng'ombe wa maziwa na zizi lililofagiliwa tangu alfajiri. Mkubwa wa teritwari hutoa hotuba, mwami hupiga makofi, picha hupigwa. Jioni wageni hurudi mjini wameshiba, na kila mmoja husema: "Bwana yule ni mkarimu kweli."

Sisi hatukatai ukarimu. Hapa ziwani mgeni hapiti mlangoni bila kupewa ugali na ndagala, hata kama nyumba ina sahani moja tu. Lakini tunauliza swali ambalo haliulizwi kwenye karamu ile: katika shamba hilo, nani mwenyeji na nani mgeni?

Tukumbuke mambo yalivyoanza. Tarehe 1 Julai 1885 Leta ya mfalme Leopold ilitoa amri kwamba ardhi tupu ni mali yake. Malisho yaliyopumzishwa, shamba lililoachwa lirudishe nguvu, pori la kuwindia, vyote vikahesabiwa kuwa vitupu. Mwaka 1928 Wabelgiji wakaunda Comité National du Kivu, wakaipa mamlaka ya kugawa ardhi ya Kivu kwa masetla. Mababu wakajikuta wageni penye makaburi ya baba zao. Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakupokea jembe. Jembe alitupa sisi, yeye akashika karatasi.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Je, karatasi ilirudi kwa wenye nchi? Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilisema ardhi imerudi kwa taifa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Leta, na haki za wanakijiji zitapangwa kwa amri ya Rais. Makumi ya miaka yakapita bila amri hiyo kutolewa. Lakini tarehe 30 Novemba mwaka huohuo wa 1973 Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zitachukuliwa, na mashamba mengi ya masetla yakaingia mikononi mwa wakubwa na rafiki zao wafanyabiashara. Malisho ya Masisi ni shahidi. Amri ya mwanakijiji ilitambaa, ya mkubwa ilikimbia. Mzungu alitoka, senyenge ikabaki.

Watatujibu: shamba linaleta maziwa, jibini na kazi. Ni kweli, jibini ya Masisi inaliwa mpaka Kinshasa, na sisi hatuna ugomvi na ng'ombe. Ugomvi wetu ni na hesabu. Ninyi wa migodini mnaijua hesabu hiyo. Zamani za Wabelgiji kampuni ilipima posho, kisha ikajisifu: tazameni tunavyowalisha watu wetu! Posho haikuwa zawadi. Ilitoka katika jasho la mchimbaji kabla hajaona franka ya kwanza. Nyama ya siku ya wageni nayo ni hivyohivyo. Imelipwa na mchungaji anayelala mvuani, na kijiji kilichofungiwa njia ya kwenda mtoni.

Watasema tena: ardhi ikishapimwa haigawanyiki. Si kweli. Kule Ankole na Masaka, nchini Uganda, serikali ilikata mashamba makubwa ya ng'ombe katika miaka ya 1960, na wachungaji wasio na karatasi wakaitwa wavamizi. Mwaka 1990 wachungaji walisimama, na serikali ikaunda bodi ya kuyagawa upya. Wenye mashamba walibakiwa na sehemu, na familia nyingi zikapata mahali pa kukaa. Mbingu haikuanguka.

Wanaotaka tusione jambo hili hutugombanisha. Humwambia mkulima wa bonde la Ruzizi kwamba adui yake ni mchungaji wa Itombwe, na mchungaji huambiwa kwamba adui yake ni mkulima. Mfuliiru, Mvira, Mbembe, Munyamulenge, Mrundi, wote wakifika penye senyenge ya mkubwa hukuta lango moja, nalo limefungwa kwa kufuli moja.

Basi tunawaambia ninyi mnaoalikwa, kwa sababu wengine wenu ni ndugu zetu: kabla hamjapokea nyama, ulizeni maswali matatu. La kwanza: karatasi ya shamba hili ilipatikana namna gani, na wazee wa kijiji waliitwa? La pili: mchungaji analipwa kiasi gani, na je, anapata nyumba na matibabu kama sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inavyomwagiza mwajiri? La tatu: kijiji jirani kinanywesha wapi mifugo yake wakati wa kiangazi?

Mwenye shamba akijibu waziwazi, kuleni kwa amani, nasi tutamsifu. Akikasirika, mjue chakula kile kililetwa kuziba midomo yenu.

Na siku wachungaji na wanakijiji watakapoketi kwenye meza ile, wakiwakaribisha wengine katika ardhi yao, tutakuja sisi sote na ndagala zetu mkononi.

UHURU BILA ARDHI NI JINA TU!