Wanaosema Chuo Kikuu Hakitufai

Hapa Baraka, katika Fizi, Kivu Kusini, na kati ya wale walioshuka kutoka Bibokoboko na milima ya jirani baada ya vita kuteketeza nyumba zao, maneno dhidi ya chuo kikuu yamekuwa mengi. Yanasemwa na wazazi waliochoka kulipa minervali, yaani ada ya masomo. Yanasemwa hata na vijana wenye diploma ya Serikali mkononi ambao hawajui waende wapi. Siyadharau maneno hayo, kwa kuwa yametoka kwenye taabu ya kweli. Lakini hayawezi kuachwa bila kujibiwa.

La kwanza: "Wenye lisansi wanaendesha pikipiki, kwa hiyo masomo hayana faida." Ni kweli wapo, na kila mtu anamjua mmoja. Ila tazameni upande wa pili. Shule zetu zimejaa walimu ambao Serikali haijawaingiza kwenye orodha ya mishahara, hata baada ya shule ya msingi kutangazwa kuwa bure mwaka 2019. Watoto wapo darasani, wagonjwa wapo kwenye vituo vya afya, na barabara ya Uvira inasubiri mainjinia kila mvua inaponyesha. Kazi ipo; mshahara ndio haupo. Bajeti hupangwa Kinshasa, na chuo kikuu hakiwezi kubebeshwa kosa lake.

La pili: "Chuo kikuu kililetwa na Wazungu ili wapate makarani." Historia inasema kinyume kabisa. Ubelgiji iliichukua Kongo mwaka 1908, misheni zikajenga shule za msingi kila pembe, lakini chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, miaka sita tu kabla ya uhuru, na chuo cha Elisabethville kikafuata mwaka 1956. Kabla ya hapo Mkongo aliweza kufika upadri, kwa kuwa seminari zilifundisha falsafa na teolojia. Udaktari kamili alinyimwa: alifundishwa kuwa msaidizi wa daktari, na safari yake ikaishia hapo. Mkoloni alitaka makarani, na karani hakuhitaji chuo kikuu. Ndiyo maana tarehe 30 Juni 1960 nchi kubwa kama hii ilipata uhuru ikiwa na wenye digrii wasiozidi 30. Anayewaambia vijana wa Fizi kwamba masomo ya juu si yao anarudia neno la mkoloni bila kujua.

La tatu husemwa na watu wenye busara: "Basi wasome udaktari na ufundi. Falsafa, historia na lugha ni kutupa pesa." Nitawajibu kwa mfano wa mtu wa mkoa wetu. Denis Mukwege alisomea udaktari Bujumbura, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake, akafanya kazi Lemera, milimani Uvira, kabla ya kuanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999. Huko aliwatibu wanawake waliobakwa, na wengine wakaendelea kuletwa. Ikambidi aulize mambo ambayo upasuaji hauyajibu: nani anafanya haya, nani anafaidika, sheria iko wapi? Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 2018 ilikuwa ya Amani, haikuwa ya tiba. Maswali yale ni ya falsafa, ya sheria na ya historia, na daktari mwenyewe aliyahitaji.

Sasa dai zito kuliko yote: "Wasomi ndio waliotuletea vita." Hapa siwezi kupita haraka. Ferdinand Nahimana alikuwa profesa wa historia katika chuo kikuu cha taifa cha Rwanda, akawa mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM iliyochochea mauaji ya 1994. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003. Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyefundisha Dar es Salaam, alikubali kuwa kiongozi wa waasi wa RCD mwaka 1998, na mwaka huohuo haujaisha, waasi hao wakaanza kuua watu Makobola, hapa Fizi. Hayo hayafichiki. Digrii haimtakasi mtu.

Lakini kumbukeni pia watawala walimwogopa nani. Tarehe 4 Juni 1969 askari wa Rais Mobutu waliwapiga risasi wanafunzi wa Lovanium waliokuwa wakiandamana. Mwaka 1971 wanafunzi waliotaka kuwakumbuka wenzao waliingizwa jeshini kwa nguvu, na vyuo vyote vikaunganishwa kuwa kimoja chini ya mkono wa Serikali. Mei 1990 ikawa zamu ya Lubumbashi, wanafunzi wakashambuliwa usiku. Profesa aliyenunulika hakumsumbua mtawala yeyote. Aliyemsumbua ni mwanafunzi anayesema: lete ushahidi.

Na huyo ndiye tunayemhitaji hapa. Mtoto wa Kibembe hukua akisimuliwa Makobola. Mtoto wa Kinyamulenge hukua akisimuliwa mauaji ya wakimbizi huko Gatumba, Burundi, tarehe 13 Agosti 2004. Kila mmoja anajua makaburi ya kwao, na uvumi kuhusu jirani unamfika kabla ya habari. Vijiji vya Babembe, Banyamulenge, Bafuliiru na Banyindu vyote vimeungua kwa uvumi wa namna hiyo pamoja na bunduki. Watakaa wapi vijana hawa kwenye benchi moja, wasome habari za makaburi yote, na kila mmoja alazimike kuthibitisha anachokisema mbele ya mwenzake? Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chuo kikuu, na ningeitetea hata kama hakingemwajiri mtu yeyote.

Wengine husema tungoje amani kwanza. Chuo kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianza mwaka 1989, cha Kiinjili mwaka 1991, cha Serikali mwaka 1993, Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ikiwa inaporomoka, na vyote vilipita katika vita vya 1996 na 1998. Tungengoja, tusingekuwa na hata kimoja.

Mahali pamoja wapinzani wana haki, na sitawatetea wenye makosa. Mwalimu anayemlazimisha mwanafunzi kununua silabasi ndipo apate pointi, au anayeuza pointi kwa pesa na kwa miili ya mabinti, anaua hicho ninachokitetea. Mwanafunzi wake hukariri, hufaulu, na hutoka bila kuwahi kuuliza swali.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa Uvira na Bukavu ni hili. Mkipokea kijana wa Fizi, awe wa ziwani au wa milimani, mpeni kazi ya mwisho wa masomo itakayompeleka kwa wazee wa jamii isiyo yake, awasikilize, aandike walichomwambia, kisha aitetee kazi hiyo mbele ya wenzake wa pande zote. Nanyi wazazi, msimrudishe nyumbani kabla hajaimaliza.