Simu si begi la nguo

Makamanda, leo tuongee kuhusu kitu tunachotembea nacho kila siku: simu.

Ukifika Namanga, Sirari au Tunduma, uhamiaji wana haki ya kuangalia pasi yako, na forodha wana haki ya kufungua begi lako. Hapo sina ugomvi, magendo yapo. Lakini ofisa akisema "hebu fungua simu hiyo nione", hilo ni jambo lingine kabisa. Begi lina nguo zangu. Simu ina majina ya wanachama wa tawi, ujumbe wa wakili, picha za familia na siri za watu walioniamini. Nikiifungua, nimewafungua wote.

Wapo watakaosema eti kama huna kosa unaogopa nini. Wakumbusheni Novemba 2018. Angela Quintal na Muthoki Mumo wa Kamati ya Kulinda Wanahabari, CPJ, walifuatwa hotelini Dar es Salaam na watu waliojitambulisha kuwa maofisa wa uhamiaji. Wakahojiwa, simu na kompyuta zao zikachukuliwa. Wakiwa bado wanashikiliwa, akaunti ya Twitter ya Quintal ikatoa ujumbe kwamba wameachiwa. Uongo! Kumbe anayeishika simu yako haishii kusoma, anaweza hata kuandika kwa jina lako. Na hiyo ilikuwa jijini. Mpakani usiku, basi linapiga honi na abiria wenzako wameshapanda, nani atakuwa shahidi wako?

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi na mawasiliano binafsi ya kila mtu. Siyo Mtanzania tu, ni kila mtu. Ibara hiyohiyo inataka uwepo utaratibu wa kisheria unaosema haki hiyo itaingiliwa lini na kwa kiasi gani. Sasa tazama tulichopewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru upekuzi wa kifaa bila kupita mahakamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ni hatua nzuri, lakini imeacha mlango wa "usalama wa taifa", na sisi wapinzani tunajua mlango huo hutumikaje.

Wenzetu New Zealand tangu 2018 sheria yao ya forodha inamtaka ofisa awe na sababu ya msingi ya kumshuku msafiri kabla ya kupekua simu yake. Ukikataa kuifungua unaweza kupigwa faini, lakini shaka yenye msingi lazima itangulie. Mbona mipaka yao iko salama?

Tudai mambo matatu: hati ya mahakama kabla simu haijafunguliwa, maandishi yenye jina la ofisa na sababu ya upekuzi, na marufuku ya kunakili kisichohusiana na kosa linalochunguzwa.

Huku tukidai, tujilinde. Zima simu kabisa kabla hujafika dirishani. Tumia namba ya siri, siyo alama ya kidole. Usigombane, usidanganye. Uliza kwa heshima: "Afande, ni kwa sheria gani?" Wakiichukua, omba risiti, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka ofisa anayekamata kitu aitoe. Na namba ya wakili iandike kwenye karatasi, maana simu ikishachukuliwa imeondoka nayo.

Siri ya mwenzako ni amana. Tusiikabidhi kirahisi.