Mgeni Asiitwe na Bunduki Yake

Anayefika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huonyeshwa tembe alimokaa Livingstone. Ni jambo jema. Lakini nchi ile ile ina habari nyingine inayotuhusu zaidi: habari ya ukoo mmoja uliogombana ukaita watu wa nje waje kuamua.

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, nchi ilimo Tabora, aliwakaribisha wafanyabiashara Waarabu waliokuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Muhammad bin Juma, babake yule mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip, akamwoa Karunde, binti wa mtemi. Mgeni akawa mkwe. Fundikira alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1850, akatawala Mnywa Sele, naye akadai wageni walipe ushuru wa bidhaa zao. Mimi silioni kosa hapo: mtemi gani kwenye njia ya misafara aliyeacha kutoza hongo? Lakini wageni walichukia, na ndani ya ukoo alikuwapo Mkasiwa, aliyekuwa tayari kukalia kiti kwa bunduki za wengine. Mnamo 1860 Mnywa Sele akafukuzwa.

Hakukubali. Kwa miaka kama mitano alizunguka porini akivizia misafara. Njia ikawa ya hofu, watu wakahama vijiji vyao. Msafiri Mwingereza Speke, aliyepita mwaka 1861, alijaribu kuwapatanisha akashindwa. Mnywa Sele aliuawa mwaka 1865.

Nakawia hapa makusudi. Mkasiwa alipata kiti, hakupata utawala. Aliyekuweka kwa baruti yake ndiye atakayekuambia umtoze nani ushuru na upigane na nani. Ndiyo maana Waarabu wa Tabora walipoingia vitani na Mtemi Mirambo wa Urambo mwaka 1871, Unyanyembe nzima ilijikuta ndani ya vita hivyo, na Mirambo akaingia Tabora akateketeza sehemu ya mji.

Isike, mwana wa Mkasiwa, alijaribu kujivua kongwa hilo. Wajerumani walipopandisha bendera yao Tabora mwaka 1890, akawapinga nao. Januari 1893 afisa wao Tom von Prince aliivunja ngome yake, na Isike akawasha baruti iliyokuwamo ili asishikwe hai. Wajerumani, kama Waarabu kabla yao, hawakukosa mtu wa ukoo ule ule wa kumkalisha kitini: safari hii Nyaso.

Wapo watakaosema kwamba Wajerumani wangekuja tu. Ni kweli. Lakini wasingekuta mlango ulio wazi na mwenyeji wa kuwaongoza njia.

Na si Unyanyembe tu iliyoumizwa na bunduki za kuitwa: waulizeni Wakhmer wa Kambodia. Mwaka 1970 Jenerali Lon Nol alimpindua mkuu wa nchi, Sihanouk, akasimama kwa msaada na mabomu ya Marekani. Wapinzani wake Wakomunisti, Khmer Rouge, wakapata silaha China na Vietnam ya Kaskazini. Kufikia 1979, Vietnam ilipowaondoa Khmer Rouge madarakani, raia zaidi ya milioni moja walikuwa wamekwisha kufa.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Njia ya misafara ya Tabora iliendelea hadi Ujiji, ikavuka ziwa na kuingia Kongo. Huko Kisangani, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, kila moja likiwa na kundi lake la Wakongo, yalipigana yenyewe kwa yenyewe siku 6 katikati ya mji usio wa kwao. Raia wakafa kwa mamia.

Wazee walimwusia mtu wa nje: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wasia huo unamhusu na ndugu mwenyewe: asimtoe jirani shambani aje kumpigania.

Walimu mnaowapeleka watoto Kwihara, mkimaliza habari za Livingstone waambieni na za Mnywa Sele na Mkasiwa. Nanyi mnaogombea uongozi, Tanzania, Kongo na kote njia hii inakopita, nawasihi: kaeni barazani na mpinzani wenu, hata mkikesha.