Mabomba Kwanza, Vigae Baadaye
Mwenye ploti ya kupangisha katika mtaa wa Kaptembwo anayetaka kugeuza choo cha shimo na bafu la mabati kuwa vya kisasa huanza na rangi ya vigae, ilhali kazi yote inategemea kitakachofukiwa chini yake. Bomba la inchi 4 la maji taka linahitaji kushuka takriban sentimita 2.5 kwa kila mita; likilala tambarare, uchafu hukwama na sakafu mpya huvunjwa. Kwa hiyo fundi apime kwanza kutoka chooni hadi kwenye laini ya sewa au tangi la maji taka, aweke manholi bomba linapopinda na koki ya kufungia maji ya kila bafu, kisha ajaribu mabomba kwa maji kabla ya kumwaga zege. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mitaa ya matajiri kama Milimani, na kwamba maji ya mgao hayatoshi choo cha kuvuta. Mgao wenyewe ndio sababu ya kupanga zaidi: tangi la akiba liinuliwe juu ya bafu, na choo kiwe cha kumwagia maji kwa kopo. Gharama ni mzigo kweli, lakini bei ya koki moja haifiki ya ukuta uliobomolewa. Mapema miaka ya 2010, mradi wa usafi wa mashirika ya Practical Action na Umande Trust uliwashirikisha wenye ploti wa hapa na wa mtaa jirani wa Rhonda katika kuboresha vyoo, na ilikuwa sawa kabisa, kwani uamuzi ni wao. Familia nyingi zinapotumia choo kimoja, bomba lililoziba ni ugonjwa kwa watoto wa ploti nzima. Mpangaji analipa kodi kila mwezi. Anastahili choo kilichopangwa.